Neno Lililomzidi Msemaji: Safari ya Utunzi ya Ebrahim Hussein na Usomaji wa Kinjeketile katika Pwani ya Kilifi na Malindi

Miongoni mwa wanatamthilia wa Kiswahili, hakuna aliyehakikiwa zaidi ya Ebrahim Hussein, na pengine hakuna aliyesomwa vibaya zaidi yake. Kauli hii ya pili ndiyo inayohitaji kuthibitishwa. Makala haya yanadai kwamba tamthilia ya Kinjeketile (1969), iliyomjengea mtunzi jina, imefundishwa kwa muda mrefu kama utenzi wa sifa za shujaa, ilhali kiini chake ni shaka: shaka juu ya neno linalounganisha watu, na juu ya mtu aliyelitamka neno hilo likamponyoka. Makala yanadai pia kwamba msomaji wa Kilifi na Malindi, ambaye nyuma yake kuna historia ya viapo vya Wagiriama vya 1913, ana nafasi ya pekee ya kuliona jambo hili, lau mwalimu wake atamruhusu.

Hussein alizaliwa mwaka 1943 kusini mwa pwani ya Tanzania, katika mazingira ya Waswahili Waislamu wa eneo la Kilwa na Lindi. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ambayo chuo hicho kilikuwa kinajitafutia sura, kisha akaenda Berlin Mashariki, Chuo Kikuu cha Humboldt, alikoandika tasnifu ya uzamifu juu ya maendeleo ya sanaa za maonyesho katika Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1970. Tamthilia zake za mwanzo, Wakati Ukuta na Alikiona, ni za nyumbani: binti anayegombana na wazazi juu ya mapenzi, mke anayemdanganya mumewe. Ni kazi za kijana, na ujanja wake mwingi umetokana na vichekesho vya mjini ambavyo baadaye alivichunguza kitaaluma. Wahakiki wamezoea kuzipita haraka, na katika hili hawakukosea sana. Hata hivyo, jambo moja lafaa kushikwa: tayari katika kazi hizi hakuna mzazi aliye sahihi kabisa wala kijana aliye sahihi kabisa. Mtunzi anasikiliza pande zote mbili, na hachelei kumwacha msomaji bila hukumu.

Kinjeketile ikaja katika wakati mwingine kabisa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967. Wanahistoria wa Dar es Salaam, hasa G.C.K. Gwassa na John Iliffe, walikuwa wakikusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji, na taifa changa lilihitaji babu wa kujivunia. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi wa Agosti 1905, alifaa mno kwa kazi hiyo. Aliunganisha makabila. Alipinga ukoloni. Alikufa. Lakini Hussein mwenyewe alionya katika utangulizi wa kitabu kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikra za mtunzi, na asichanganywe na yule wa historia. Onyo hilo lilisomwa na wengi kama adabu ya mtunzi tu. Kwa kweli ni ufunguo.

Tazama mpangilio wa matukio. Kinjeketile anapandwa na Hongo, anaingia majini na kutoka mkavu, na katika hali ya kupagawa anatamka mambo mawili. La kwanza ni maji yatakayowafanya watu wasidhuriwe na risasi na yatakayowafanya kuwa kitu kimoja. La pili ni kwamba, baada ya Mjerumani kuondoka, watu watakuwa wa Seyyid Said, yaani raia wa Sultani wa Zanzibar. Watu wanalisikia la kwanza na kulibeba. La pili linampiga Kinjeketile mwenyewe anapozinduka na kulitafakari. Amewaita watu wamfukuze bwana mmoja ili wamwingie mwingine? Na kama neno lililotoka kinywani mwake lina sumu hii ndani yake, limetoka kwa nani hasa? Hapo ndipo tamthilia inapoanza kwa kweli. Kabla ya hapo ilikuwa historia.

Kuanzia hapo Kinjeketile anajaribu kulirudisha neno lake kifuani, naye hawezi. Anataka watu wasubiri, wajifunze, wajipange. Watu wanataka vita. Kadiri anavyosita ndivyo wanavyomwona kuwa msaliti wa maji aliyowapa mwenyewe. Kitunda, mtaalamu wa vita, ana shaka ya namna yake: anajua kwamba umoja umepatikana kwa sababu ya maji, na kwamba umoja ni wa kweli hata kama maji si ya kweli. Hoja ya Kitunda ni nzito kuliko inavyopewa uzito darasani. Yeye si mwoga wala si kafiri wa imani za kwao. Ni mtu anayeuliza kama inafaa kujenga nyumba ya kweli juu ya msingi wa uongo unaoaminiwa. Hussein hakumjibu. Jibu analolitoa Kinjeketile kifungoni, anapotakiwa na mkoloni akiri kwamba maji yalikuwa uongo, si jibu la swali la Kitunda bali ni la swali jingine. Anakataa kukiri, maana anajua kwamba kukiri kwake hakutafahamika kama habari ya maji. Kutafahamika, kwa watoto na wajukuu, kama hukumu kwamba kupigana kulikuwa kosa. Neno limekwisha kuzaliwa. Aliyelizaa hana tena haki ya kuliua.

Huu ndio mkasa wa tamthilia, na ni mkasa wa pande mbili. Neno lilimshinda Kinjeketile lilipokuwa likiwapeleka watu kwenye risasi. Na sasa, lililokwisha kushindwa, yeye ndiye anayelilinda kwa uhai wake. Msomaji anayeiona nusu ya pili tu anapata shujaa. Anayeiona nusu ya kwanza tu anapata mlaghai aliyejilaghai. Mtunzi alitaka zote mbili zikae pamoja kifuani mwa mtazamaji na zimsumbue.

Kwa nini basi nusu moja imesomwa na nyingine ikasahauliwa? Sababu kubwa iko katika njia ambayo tamthilia ya Kiswahili imefuata kuwafikia watu. Kulinganisha na kwingine kunasaidia. Mwandishi wa Kiingereza Dennis Potter (1935–1994), aliyemtangulia Hussein kwa miaka minane, alifanya takriban kazi yake yote katika runinga. Tamthilia zake za Nigel Barton zilionyeshwa na BBC mwaka 1965, na The Singing Detective mwaka 1986. Potter aliingia kila sebule usiku mmoja, akabishaniwa kesho yake kazini na katika magazeti. BBC ilipokataa kuonyesha Brimstone and Treacle mwaka 1976, kazi hiyo ilikwenda jukwaani kwanza, na haikurushwa mpaka mwaka 1987. Marufuku yenyewe ikawa sehemu ya mjadala. Hadhira yake ilikuwa ya watu wazima ambao hawakulazimishwa na mtu kutazama.

Hussein hakuwa na sebule hiyo. Zanzibar ilipata runinga mwaka 1973, lakini Tanzania Bara haikupata mpaka mwaka 1994, wakati ambapo tamthilia zake zote zilizochapishwa zilikuwa tayari vitabuni. Kenya ilikuwa na runinga tangu mwaka 1962, ila Kiswahili kilichopata umaarufu humo kilikuwa zaidi cha vichekesho vya kila wiki. Hadhira kubwa ya Hussein ilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na aliyesimama kati yao alikuwa mtahini. Mtahini si adui wa fasihi, lakini ana mahitaji yake. Anataka dhamira zinazoweza kuorodheshwa, mhusika mkuu anayeweza kupewa sifa tano, na ujumbe unaoweza kusahihishwa. Shaka haisahihishiki. Kwa hiyo Kinjeketile akawa jasiri, mwenye busara, mzalendo, mwenye msimamo, na mwenye imani. Sifa ya mwisho ndiyo inayostaajabisha, kwa kuwa ni hiyo hasa inayovunjika katikati ya mchezo.

Hali hii haikuisha. Nchini Kenya tamthilia teule huishi miaka michache kisha ikapisha nyingine: Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea, Bembea ya Maisha baada yake. Kila moja huzaa miongozo yake ya kurasa nyingi, na aghalabu mwongozo husomwa kabla ya kitabu. Inafaa kukumbuka kwamba Mwelusi wa Kifo Kisimani, mfungwa anayetakiwa na dola akane msimamo wake, ni ndugu wa Kinjeketile wa kifungoni, lakini ni ndugu aliyerithi nusu moja tu. Mwelusi hana Hongo. Hakuna neno lake lililomgeukia. Ndiyo maana ni mhusika rahisi zaidi kumfundisha, na, kwa maoni ya makala haya, si mkubwa kama mtangulizi wake.

Turudi sasa pwani ya kaskazini. Mwanafunzi wa Ganze, Magarini au Malindi anapofunguliwa Kinjeketile, huwa na kisa kingine masikioni tangu utotoni. Mnyazi wa Menza, ajulikanaye zaidi kwa jina la Mekatilili, alizunguka vijiji vya Wagiriama mwaka 1913 akicheza kifudu, ngoma ya maombolezo, na kuwakusanya watu kupinga kodi ya nyumba, uchukuaji wa vijana kwa kazi za Wazungu, na mpango wa kuwahamisha kutoka ng'ambo ya mto Sabaki. Yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola waliongoza ulaji wa viapo huko Kaya Fungo: mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume. Nyuma yao ulikuwapo utabiri wa Mepoho juu ya ujio wa wageni. Mekatilili na Wanje walikamatwa mwezi wa Oktoba 1913 na kupelekwa mbali, magharibi mwa nchi. Mwaka uliofuata wakatoroka na kurudi kwa miguu. Mwezi wa Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, nyumba zikachomwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000.

Ulinganisho wa juu juu hujitokeza wenyewe, na ndio unaopendwa: mtabiri, kiapo, umoja, mkoloni, kushindwa, heshima. Kwa ulinganisho huo Mekatilili anakuwa Kinjeketile wa Kenya, naye anasimamishwa sanamu, kama ilivyofanyika Malindi mwaka 2010. Hakuna ubaya katika sanamu. Lakini anayeisoma tamthilia ya Hussein kwa makini hugundua kwamba visa hivi viwili vinaachana mahali penye maana kubwa zaidi.

Maji ya Ngarambe yaliahidi jambo linaloweza kupimwa. Risasi ilipopigwa, ahadi ilijulikana. Kiapo cha Kaya hakikuahidi kinga, kiliamrisha kujizuia. Aliyekula fisi alijifunga asimfanyie Mzungu kazi, asimlipe kodi, asitoe habari. Neno la namna hii haliwezi kukanushwa na bunduki. Linaweza kuvunjwa tu na yule aliyeapa, au kutanguliwa na yule aliyelisha. Wakoloni walilifahamu hilo upesi. Kabla ya kufika kwenye baruti, mwishoni mwa mwaka 1913, waliwalazimisha wazee wakutane Kaya na kuvitangua viapo kwa taratibu zao wenyewe, kisha Kaya ikafungwa. Hiki ndicho kitendo ambacho mwanatamthilia angekitamani kuliko vita vyote: wazee wanaosimama mahali patakatifu, chini ya macho ya maofisa, wakisema maneno ya kufuta maneno. Je, waliyafuta? Waliosikiliza walijua kwamba wazee hao wamelazimishwa. Mwezi wa Agosti mwaka uliofuata ulionyesha kwamba watu wengi waliendelea kujiona wamefungwa.

Ukiuweka utanguzi huu kando ya kifungo cha Kinjeketile, tamthilia inabadilika mkononi. Kinjeketile anakataa kutamka neno moja la kukana kwa kuogopa kwamba neno hilo litaua kazi yote. Wazee wa Kaya Fungo walilitamka, na kazi haikufa. Ama Kinjeketile amekosea kupima nguvu ya kukana kwake, na kifo chake kina upotevu ndani yake ambao wasomaji hawajauona; ama tofauti iko katika aina ya neno, kwamba neno la kiapo lina wenyewe wengi, kila aliyekila, ilhali neno la utabiri lina kinywa kimoja, na kinywa hicho kikikana hakuna kinachobaki. Fasiri ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo inalingana na upweke wa Kinjeketile katika mchezo wote. Hongo hakumpandisha mwingine. Katika tamthilia nzima watu wanamzunguka, na hakuna anayeweza kumsaidia kulibeba neno lake. Hili halionekani kwa urahisi pasipo Kaya Fungo ya kulinganishia, na ndiyo sababu usomaji wa Kilifi unaweza kutoa kitu ambacho usomaji wa Dar es Salaam haukukitoa.

Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba wanatamthilia wa pwani yenyewe waliokuja baadaye hawakuifuata njia hii. Jay Kitsao, msomi aliyetoka miongoni mwa Wamijikenda na aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliandika tamthilia kadhaa, zikiwamo Uasi na Bibi Arusi, ambazo zinakaa karibu zaidi na Wakati Ukuta kuliko na Kinjeketile. Alamin Mazrui wa Mombasa, katika Kilio cha Haki (1981), alichukua mgomo wa wafanyakazi na kiongozi mwanamke, Lanina, na huenda Lanina ndiye aliye karibu zaidi na Mekatilili katika tamthilia ya Kiswahili ya Kenya. Mazrui alitiwa kizuizini bila kuhukumiwa mwaka uliofuata, jambo linalotosha kuonyesha kwamba dola ililisoma jukwaa kwa makini zaidi ya watahini.

Kuhusu Hussein mwenyewe, safari iliyofuata Kinjeketile inafahamika vyema zaidi ikisomwa kama uchunguzi ule ule ukiendelea kwa zana nyingine. Mashetani (1971) inaanza na mchezo ndani ya mchezo: shetani na binadamu chini ya mbuyu, ukichezwa na marafiki wawili, Juma na Kitaru. Juma ni mtoto wa ukoo ulioporomoka baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Kitaru ni wa tabaka jipya linalopanda. Mchezo wa mzaha unamganda Kitaru mpaka anaugua. Kwa mara nyingine, kilichotamkwa hakirudi. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna taifa la kuunganishwa, kuna chumba, nyanya anayekumbuka mashamba yaliyopotea, na urafiki usioweza kustahimili ukweli. Wahakiki waliolalamika kwamba kazi hii ni ngumu walisema kweli, lakini walikosea walipoudhani ugumu huo kuwa dosari. Athari yake ilionekana baadaye kwa Said Ahmed Mohamed, hasa katika Amezidi (1995), ambapo mantiki ya kawaida ya jukwaa inaachwa kabisa.

Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) zinamrudisha fanani wa hadithi. Ni za mtu mmoja anayesema, kwa lugha iliyo kati ya ngano na shairi, na joka Sesota la Ngao ya Jadi linauawa bila uhakika kwamba limekufa. Kwa fani, hizi ndizo kazi zake za kijasiri zaidi. Msemaji mmoja asiye na mwenzake wa kumjibu ni Kinjeketile aliyevuliwa historia. Arusi (1980) ina uchungu wa ndoto ya ujamaa iliyopoa, na haifikii kina cha zilizotangulia. Mazungumzo yake yana hekima lakini mwendo wake ni mzito.

Kisha ikaja Kwenye Ukingo wa Thim (1988). Chanzo chake kinajulikana na kila Mkenya wa umri fulani: kifo cha wakili S.M. Otieno mwezi wa Desemba 1986, na kesi ndefu kati ya mjane wake Wambui, Mkikuyu, na ukoo wa marehemu, Umira Kager, juu ya mahali pa kumzika. Mahakama ya Rufani iliamua Mei 1987, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Katika tamthilia ni Herbert na Martha. Hussein aliondoa sehemu kubwa ya mabishano ya kisheria yaliyojaza magazeti, akabakiza mwanamke mmoja mbele ya neno lisilo na msemaji. Ndilo jipya hapa. Neno la Ngarambe lilikuwa na Kinjeketile. Mtu angeweza kumwendea, kumsihi, kumfunga, kumnyonga. Viapo vya Kaya vilikuwa na wazee, ambao walau waliweza kulazimishwa. Mila inayomshinda Martha haina kinywa. Kila anayeisema anadai kwamba anaipokeza tu, hakuitunga, na kwa hiyo hawezi kuilegeza. Hata Kitunda hana nafasi katika mchezo huu, maana hakuna wa kuulizwa swali lake.

Hussein alikuwa amekwisha kuacha kazi ya chuo kikuu katika miaka hiyo, na baada ya Thim hakuchapisha tamthilia nyingine. Alain Ricard, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1998, na wengine baada yake, wamekizungumza kimya hicho kwa lugha ya siasa na ya upweke wa msanii. Huenda ni hivyo. Maisha ya mtu si maandishi, na mhakiki hana ruhusa ya kuyasoma kana kwamba ni maandishi. Lakini tamthilia zenyewe zina mpangilio unaoonekana: neno lenye mwenyewe aliyeshindwa nalo, neno la mchezo linalougua ndani ya mwili wa mchezaji, neno la fanani asiye na mwitikiaji, na mwisho neno lisilo na mwenyewe kabisa. Aliyefika hapo kwa hatua hizo hakubakiwa na mhusika wa kumweka jukwaani kuyakana maneno, wala wa kuyalinda.

Mjini Malindi hufanyika tamasha la kumkumbuka Mekatilili, na kifudu huchezwa. Wanafunzi huigiza kukamatwa kwake na kurudi kwake kwa miguu. Kikao cha wazee cha kutangua viapo ndicho ambacho bado kinamngoja mwanatamthilia.